Mdogo Wangu Ana Skizofrenia, na Sasa Wakwe Wanaiogopa Damu Yetu

Shikamoo Mama,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mtwara Mjini, nina umri wa miaka 28, na kwetu ni kijiji kimoja cha Tandahimba ambako wazazi wangu wanalima korosho. Ninakuandikia wewe kwa kuwa nimesoma majibu uliyowapa wengine na nimeona kwamba humfichi mtu ukweli wala humvunji moyo.

Mdogo wangu wa kiume ana miaka 23. Alikuwa kijana mchangamfu, hodari wa kupogolea mikorosho, na mtu wa kwanza katika ukoo wetu kufika kidato cha tano. Alipotimiza miaka 19 alianza kujitenga. Aliacha kuoga, akawa anakesha usiku na kulala mchana, na wenzake wa bweni wakasema kwamba alikuwa amezoea kuvuta bangi. Jioni moja, alipokuwa likizo, nilimkuta ameiviringisha redio ya baba katika kanga mbili za mama na kuitumbukiza ndani ya debe la mahindi. Akaniambia kwamba mtangazaji anamtaja kwa jina alilopewa jandoni, jina ambalo mtu wa nje hawezi kulijua. Aliniambia pia kwamba anasikia watu wawili wakimjadili mchana kutwa: “Sasa anainuka, sasa anakwenda chooni, sasa anaogopa.”

Kwanza alipelekwa kwa mganga, ambako alifungwa kamba kwa wiki tatu, na makovu yake yanaonekana hadi leo juu ya viganja. Baadaye tulimpeleka hospitali, tukaambiwa kwamba ana skizofrenia na kwamba kemikali za ubongo wake hazijakaa sawa. Alipewa vidonge, kisha sindano ya kila mwezi. Zile sauti zilififia na akarudi shambani. Lakini mikono ilianza kumtetemeka, akawa anatembea kama mzee na mate yanamtoka. Msimu wa kubangua korosho ulipofika, alikaa na mama barazani akashindwa kuishika korosho moja mahali pake ili aigonge, na vijana waliokuwa wakipita wakamcheka. Siku hiyo alisema hatachomwa tena. Huu ni mwezi wa tano bila sindano, sauti zimerudi, na tangu wiki iliyopita hali chakula ambacho baba amekigusa.

Nami nilikuwa niolewe. Mchumba wangu ni mtu wa Lindi, mahari yalikwishapangwa, lakini shangazi yake amepata habari za mdogo wangu na familia imeahirisha kila kitu mpaka niende kupima vinasaba. Mjomba wangu, ambaye kwa mila zetu ndiye msemaji wa ukoo, anasema ugonjwa huu ni wa upande wa mama, kwa sababu mjomba wake mama alikuwa akizunguka Newala akiwa hana nguo mwilini, na kwamba tusipofanya tambiko utanifikia mimi na watoto wangu. Mama hasemi kitu. Usiku mmoja tu aliniambia kwamba mimba ya mdogo wangu aliibeba katika mwaka wa njaa, wakila ming'oko, yaani viazi vya porini, siku baada ya siku, na kwamba anaamini yeye ndiye aliyemharibu mtoto.

Naomba unieleze: ni kitu gani kilichoharibika kichwani mwa mdogo wangu? Je, kipo katika damu yetu? Je, kuna kipimo ninachoweza kwenda kupima ili niwaonyeshe wakwe? Na mama nimwambie nini?

Mwalimu, Mtwara

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Maswali yako yote nitayajibu, lakini lipo jambo moja katika barua yako ambalo haliwezi kusubiri. Kijana aliyekaa miezi mitano bila dawa, ambaye sauti zimemrudia na ambaye ameanza kukikataa chakula cha baba yake mzazi, anatakiwa aonwe na mtaalamu wiki hii, wala si baada ya msimu. Kama akikataa hata maji, au akisema kwamba zile sauti zinamwamuru ajidhuru au amdhuru mtu, mpelekeni siku hiyohiyo, hata kama ni usiku. Tena mwombe baba yako, leo, azitoe nyumbani dawa zote za kupulizia mikorosho na kuzifungia mahali ambapo ufunguo wake unakaa kwa mtu mmoja tu. Takriban wagonjwa 5 kati ya 100 wa skizofrenia hufa kwa kujiua, na nyumba za wakulima wetu zimejaa sumu zinazowekwa nyuma ya mlango kana kwamba ni chumvi. Nimekuwa muuguzi wa afya ya akili katika mikoa hii miwili kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na hilo la mlangoni ndilo ninaloliuliza kabla ya mengine yote.

Sasa nije kwenye kichwa cha mdogo wako. Seli za ubongo hupelekeana habari kwa kemikali ambazo huvuka mwanya mdogo mno kati ya seli na seli, na upande wa pili kuna vipokezi vinavyozipokea. Mojawapo ya kemikali hizo ni dopamini, ambayo Arvid Carlsson wa Uswidi ndiye aliyeonyesha, mwishoni mwa miaka ya 1950, kwamba ni mjumbe kamili anayejitegemea, na kazi hiyo ikampatia Tuzo ya Nobeli mwaka 2000. Dopamini ina kazi kadhaa, na mojawapo ni kuuambia ubongo kwamba hili unaloliona au kulisikia lina maana, ligeukie. Wazee wetu walisema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Katika skizofrenia mbiu hulia pasipo jambo. Picha maalumu za ubongo zimeonyesha kwamba, kwa wagonjwa wengi walio katika hali kama ya mdogo wako, seli za sehemu ya ndani ya ubongo iitwayo striata hutengeneza na kumwaga dopamini kupita kiasi. Shitij Kapur, daktari wa magonjwa ya akili, alilieleza jambo hili mwaka 2003 kwa namna ambayo sijaona iliyo bora zaidi: mambo ya kawaida kabisa, kama kikohozi cha jirani au sauti ya mtangazaji, yanamfikia mgonjwa yakiwa yamegongwa mhuri wa jambo zito linalomhusu yeye, naye, kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili angefanya mbiu inapolia usiku na mchana, anatafuta sababu. Sababu anayoipata inatokana na maisha yake mwenyewe. Ndiyo maana redio ya nyumbani kwenu inalijua jina la jandoni. Hakuna jini aliyelivujisha. Ni siri aliyonayo moyoni, na ubongo ulio katika hofu umelichukua jina lililo la siri kuliko yote.

Dopamini peke yake haimalizi maelezo. Bila shaka umesikia habari za ketamini, dawa ya usingizi inayotumika sana katika vyumba vyetu vya upasuaji. Nimekaa kando ya vitanda vya akina mama waliotoka kujifungua kwa upasuaji, dawa ikiwa bado haijawatoka, nikawaona wakilitazama dari na kuwajibu watu wasiokuwepo, na mmoja alinishika mkono akaniuliza kwa utulivu kabisa kwa nini kitanda kinamsema. Ketamini huziba vipokezi fulani vya kemikali nyingine iitwayo glutamati, na kwa muda wa saa moja au mbili huweza kumfanya mtu mzima wa afya aonje kitu kinachofanana na kile anachokipata mdogo wako kwa miezi. Kwa sababu hiyo watafiti wengi wanaamini kwamba hitilafu ya glutamati, pamoja na ya seli zinazotuliza nyingine, huenda ndiyo iliyo chini, na dopamini kumwagika ni matokeo yake. Aidha, inadhaniwa kwamba katika sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo hupanga mambo na kuhimiza, dopamini huwa pungufu, na huko ndiko kunakohusishwa na kule kutooga, kukaa kimya na kukosa hamu. Watu hukuita huko uvivu, nami husikitika kila ninapolisikia neno hilo, kwa sababu hiyo ndiyo sehemu ya ugonjwa ambayo dawa zetu huigusa kidogo sana, na ndiyo inayohitaji subira ya nyumbani.

Dawa aliyokuwa akichomwa hufanya kazi kwa kukaa juu ya vipokezi vya dopamini ili mbiu isisikike. Dawa ya kwanza ya aina hiyo, klopromazini, ilianza kutumika kwa wagonjwa wa akili huko Paris mwaka 1952, miaka kadhaa kabla mtu yeyote hajajua inafanyaje kazi. Leo inajulikana kwamba nafuu huonekana zaidi pale ambapo takriban asilimia 65 ya vipokezi hivyo vimezibwa, na kwamba vikizibwa zaidi ya asilimia 80 hivi, madhara huanza, kwa sababu dopamini hiyohiyo ndiyo inayolainisha mienendo ya mikono na miguu. Mkono wa mdogo wako ulioshindwa kushika korosho haukuharibiwa na uchawi wala na ukaidi wake. Ulikuwa ukieleza kwamba dozi ilikuwa juu mno kwake, au kwamba dawa ile haimfai, na mtu fulani kliniki alipaswa kumwomba anyooshe mikono mbele, aitazame, kisha abadilishe kitu. Inaniuma kwamba hakuna aliyefanya hivyo, kwa sababu vijana wengi tunawapoteza hapohapo. Vinaweza kufanyika vitu vitatu: kupunguza dozi, kuongeza kidonge cha kutuliza mtetemo kama benzheksoli, au kumhamishia kwenye dawa kama risperidoni au olanzapini, ambazo kwa kawaida humtetemesha mtu kidogo zaidi, ingawa olanzapini huongeza uzito na huweza kupandisha sukari, kwa hiyo apimwe. Nenda naye wewe mwenyewe. Mwambie muuguzi maneno uliyoniandikia mimi, hasa lile la korosho, kwa sababu “anatetemeka kidogo” ni maneno ambayo huandikwa kwenye faili na kusahaulika. Kama hospitali ya wilaya haina dawa mbadala, omba barua ya rufaa, kwa maana ipo hospitali ya rufaa ya mkoa pale Ligula, na ya kanda kule Mitengo.

Wala asishawishike kwamba anaweza kukaa bila dawa kwa sababu miezi ile alikuwa mzima. Tafiti nyingi zilizokusanywa pamoja na kuchapishwa mwaka 2012 zilionyesha kwamba, katika kipindi cha takriban mwaka mmoja, ugonjwa uliwarudia wagonjwa 27 kati ya 100 walioendelea na dawa, na 64 kati ya 100 walioachishwa. Uzima ule uliletwa na sindano. Bangi nayo aiache kabisa. Huongeza hatari ya kuugua kwa kijana mwenye uelekeo, na kwa aliyekwisha kuugua huurudisha ugonjwa.

Nije sasa kwenye damu, ambayo ndiyo inayokunyima usingizi. Mjomba wako hajakosea moja kwa moja, na umwambie hivyo kwa heshima inayomstahili. Skizofrenia hutembea katika familia. Lakini haitembei kama ukoo unavyotembea. Kwetu sisi, Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua, mtoto kwa mila ni wa ukoo wa mama, na ardhi na majina vimepita njia hiyo tangu enzi. Vinasaba havijui mila. Mtoto huchukua nusu kutoka kwa baba na nusu kutoka kwa mama, na jeni, yaani vipande vya vinasaba vyenye maelekezo ya mwili, zinazochangia ugonjwa huu si moja wala mbili. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2022, uliohusisha wagonjwa 76,755, ulibaini maeneo 287 katika vinasaba yanayohusiana nao, na kila moja, likiwa peke yake, huongeza hatari kwa kiasi kidogo mno. Maeneo hayo yanapatikana kwa watu wote, yaani kwako, kwangu, kwa mchumba wako na kwa shangazi yake. Hakuna ukoo wenye damu safi unaoweza kukaa upande mmoja wa mkeka na kuukagua mwingine.

Takwimu zenyewe ni hizi, na ningependa uziandike mahali. Katika watu wa kawaida, mtu mmoja hivi kati ya 100, au pungufu kidogo, huugua skizofrenia katika maisha yake. Mtu ambaye ndugu yake wa baba na mama mmoja anaugua, kama wewe, hatari yake ni takriban 9 kati ya 100. Hata hivyo wewe una miaka 28, na sehemu kubwa ya umri ambao ugonjwa hupenda kuanza umeipita, ingawa kwa wanawake unaweza kuchelewa kuliko kwa wanaume, kwa hiyo hatari iliyobaki kwako ni ndogo kuliko hiyo. Watoto utakaowazaa, ambao kwao mgonjwa ni mjomba, hatari yao ni kama 4 kati ya 100, maana yake takriban 96 hawatauona kabisa. Tena fikiria mapacha wa kufanana, ambao vinasaba vyao ni kimoja. Mmoja akiugua, mwingine huugua katika chini ya nusu ya jozi, na katika tafiti nyingine ni theluthi tu. Kama damu ingekuwa ndiyo hukumu, wangeugua wote wawili daima.

Ni kitu gani basi kinachowatenganisha mapacha hao? Baadhi yake ni mambo ya maisha na bahati tupu ya jinsi ubongo unavyojengeka, na baadhi yamo katika jinsi jeni zinavyotumika, jambo ambalo barua yako haikuliuliza lakini ndilo ninalotaka ulielewe kuliko yote. Kuwa na jeni si sawa na jeni kufanya kazi. Katika nyumba ya ngoma, ngoma zote huning'inia ukutani, lakini inayosikika ni ile iliyoshushwa, ikakazwa kwa moto na kupigwa, tena yaweza kupigwa kwa nguvu au kwa upole. Karibu kila seli ya mwili wako ina seti nzima ya jeni, na kila seli huzisoma baadhi tu, kwa kiwango kinachopanda na kushuka kulingana na umri, chakula, homoni na mengine. Mwaka 1995 watafiti waliochunguza ubongo wa watu waliofariki wakiwa na skizofrenia waliona kwamba, katika sehemu ya mbele, jeni ya kimeng'enya kinachotengeneza kemikali ya utulivu iitwayo GABA ilikuwa ikisomwa kidogo kuliko kawaida, ilhali seli zenyewe hazikuwa zimepungua. Ngoma ilikuwepo ukutani, nzima, ila ilipigwa kwa sauti ya chini, na matokeo kama hayo yamepatikana tena mara nyingi tangu hapo.

Mfano wa pili nimeupenda kwa sababu ninyi ni wakulima wa korosho. Mtoto huzaliwa na kukua akiwa na viungio kati ya seli za ubongo vingi kuliko anavyohitaji, na kuanzia utotoni hadi ujanani ubongo huvipogolea, ukiviacha vinavyotumika, kama baba yako anavyoondoa matawi yasiyozaa ili mwanga uingie ndani ya mti. Sehemu ya mbele ya ubongo hupogolewa mwisho, katika umri uleule ambao mdogo wako alianza kubadilika. Mwaka 2016 kundi la watafiti wa Marekani lililoongozwa na Steven McCarroll lilionyesha kwamba jeni iitwayo C4 ipo katika maumbo mbalimbali kwa watu, na kwamba maumbo yanayofanya isomwe kwa wingi zaidi katika ubongo ndiyo yanayoongeza hatari ya skizofrenia. Katika panya, jeni hiyo husaidia kuvitia alama viungio vya kuondolewa. Inawezekana, basi, kwamba kwa baadhi ya wagonjwa panga lilipita mara nyingi mno. Lakini angalia ukubwa wa jambo lenyewe: hata umbo lenye hatari zaidi huongeza hatari ya mtu kwa chini ya theluthi, yaani kutoka 1 kati ya 100 hadi 1 na kitu.

Kwa hiyo kipimo anachokitaka shangazi hakipo. Hakuna kipimo cha damu kinachoweza kusema huyu ataugua na huyu hataugua, wala hakuna cha kupima dopamini ya ubongo kupitia mkononi, kwa sababu dopamini iliyo katika damu haivuki kuingia katika ubongo. Zipo hesabu zinazojumlisha maeneo mengi ya vinasaba, lakini hata kwa Wazungu, ambao ndio waliochunguzwa zaidi, haziwezi kumhukumu mtu mmoja, na kwetu hufanya kazi vibaya zaidi kwa kuwa vinasaba vya Waafrika ndivyo vyenye aina nyingi kuliko vyote duniani na ndivyo vilivyochunguzwa kidogo. Kazi imeanza. Mwaka 2020 ulichapishwa utafiti wa Waxhosa wa Afrika Kusini, na upo mwingine mkubwa uliowashirikisha watu wa Ethiopia, Kenya, Uganda na Afrika Kusini. Lakini kazi hiyo ni ya kutafuta tiba, si ya kuchagulia wachumba. Mtu akikuuzia kipimo hicho, usitoe fedha yako.

Mama yako ndiye aliyenikalisha muda mrefu na barua yako. Mwishoni mwa Vita Kuu ya Pili, katika majira ya baridi ya 1944 na 1945, Wajerumani waliikatia chakula sehemu ya Uholanzi, na watu wakala hadi vitunguu vya maua. Watoto ambao mimba zao zilitungwa katika kilele cha njaa ile walipofuatiliwa wakiwa watu wazima, ilionekana kwamba skizofrenia iliwapata takriban mara mbili ya wengine, na matokeo ya namna hiyo yalionekana pia China kwa waliozaliwa wakati wa njaa ya 1959 hadi 1961. Baadaye, miaka 60 hivi baada ya njaa ya Uholanzi, wengine waliotungwa wakati ule walikutwa na alama pungufu za kikemikali juu ya jeni moja inayohusika na ukuaji, alama ambazo husaidia kuamua jeni isomwe kiasi gani. Haijathibitika kwamba alama hizo ndizo zinazoleta skizofrenia, nami sitaki uelewe hivyo. Sikufichi habari hii, kwa sababu mama yako ameshajihukumu bila hata kuijua, na mtu aliyejihukumu hatulizwi kwa kuambiwa “si kweli”. Mwambie hesabu yote. Mara mbili ya mmoja ni wawili. Kati ya watoto 100 waliotungwa katika njaa ile mbaya, takriban 98 hawakuugua. Tena mwambie kwamba njaa haikuwa kosa lake. Yeye ndiye aliyeingia porini na jembe kuchimba ming'oko, akala, akambeba mtoto hadi akamzaa mzima. Mwambie mkiwa wawili tu, jioni, msibishane, na kama akilia mwache alie.

Kuhusu tambiko, sina ugomvi na dua wala na mila ya mtu. Mweleze mjomba kwamba linaweza kufanyika nyumbani, mgonjwa akiwa amekula, amelala na hakukosa dawa zake, na kwamba kamba haitafungwa tena mikononi mwake. Hapo kwenye kamba simameni imara, wewe na baba yako, hata kama sauti itapanda. Mjomba msemaji wa ukoo ana nguvu ambayo mimi na madaktari hatuna, na nimewaona wajomba wakiwa ndio wanaompandisha kijana kwenye bodaboda kila mwezi kwenda kuchomwa sindano. Mpe nafasi ya kuwa mjomba wa namna hiyo.

Na mchumba wako, usimfiche kitu chochote. Zungumza naye yeye kwanza, kabla ya shangazi, na umpe takwimu zilezile nilizokupa, pamoja na ile ya 4 kati ya 100, bila kuipunguza. Mwalike siku moja afuatane nanyi kliniki, aketi kwenye benchi, amwone shemeji yake akiitwa jina na kupokea dawa kama wanavyopokea wenye kisukari. Baada ya hapo ndipo shangazi aelezwe, tena aelezwe na mchumba wako mwenyewe, kwa sababu maneno hayo yakitoka kwako yatasikika kama ombi, na wewe huna kosa la kuombea radhi. Akiona kwamba hawezi, utaumia, na ninajua kwamba mahari yalikwishapangwa. Lakini ndoa iliyofungwa kwa kukaguliwa damu ingekufanya umfiche mdogo wako chumbani kila wakwe wanapokuja, nami simtakii yeye wala wewe maisha hayo.

Mkiwa mnasubiri siku ya kliniki, msibishane naye juu ya sauti zile na msijifanye mnazisikia. Mwambie, “Mimi siisikii, ila naona inakuogopesha,” kisha kaa karibu naye. Chakula chake akipakue mwenyewe kutoka katika chungu kimoja na wengine, na baba ale mbele yake. Redio itoeni katika debe la mahindi, mmpe jirani aitunze kwa sasa, na mdogo wako akiuliza iko wapi, mwambieni iko kwa nani.